Uliza Fundi: Betri Haifiki Wiki, na Chumvi Inakula Bodi

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja za kitu kimoja, vile vidude vidogo vya betri vinavyopima joto au unyevu au maji halafu vinapeleka majibu kwa njia ya hewa bila ya waya. Nimefurahi kwa kweli, mana zamani barua zilikuwa za redio na chaja za simu, sasa vijana wanajenga vitu vyao wenyewe na wanavijengea kazi za hapa hapa, mwani, karafuu, tangi la maji. Nimeanza na ile ndefu kwa sababu humo mna jambo linalowahusu karibu nyote, kwa hio hata kama barua yako haikutoka isome hio ya mwanzo.

Assalaam alaykum fundi. Mimi kijana wa Jambiani, mama yangu analima mwani na mwaka huu cottonii yake imepauka ikawa nyeupe ikakatika yote, wenzake wanasema ni maji ya moto. Nimemtengenezea kidude cha kupima joto la maji, nimetumia bodi ya NodeMCU yenye chipu ya waifai ya ESP8266, sensa ya DS18B20 ile ya waya mrefu yenye kichwa cha chuma, na betri ya lithiamu ya 18650 imeandikwa 9900. Programu nimeiweka ilale na iamke kila robo saa itume kwa waifai ya nyumbani. Lakini siku ya tano betri imekwisha, na nikikipeleka shambani kwenye mwani hakitumi kabisa. Nifanye nini?

Waalaykum salaam kijana wangu, na mama mpe pole yake. Kazi uliyoianza ni kazi ya maana hasa, mana mwani unalimwa kibiashara Paje na Jambiani toka 1989 na mpaka leo wakulima wengi wanajua joto la maji kwa kutia mguu tu, na cottonii haistahamili maji ya moto kama inavyostahamili spinosum, ule mwani wa aina ya pili. Ukiwa na namba za kila siku mama atajua siku gani maji yamepanda na wapi yamepanda, hapo ana la kuamua.

Tuje kwenye betri. Hio 9900 isahau, hakuna 18650 inayofika hata nusu ya hapo, zile nzuri za viwanda vinavyojulikana ziko baina ya miliampia-saa 2500 na 3500 na basi. Nenda kwa mtu mwenye mizani ndogo kama ya sonara uipime, betri nzima ya namna hio ina gramu 45 au zaidi kidogo, ukiona ni nyepesi sana ujue ndani mna kijibetri kidogo na kilichobaki ni kujazia. Mtu akikuuzia ya 2600 kwa bei ya haki hio ndio ununue, namba ndogo ya kweli ni bora kuliko namba kubwa ya karatasi.

Lakini hata ukipata betri nzuri haitokusaidia sana, kwa sababu tatizo kubwa ni kuwa chipu yako inalala ila bodi yako hailali. ESP8266 ikilala usingizi mzito inakula kama maikroampia 20 tu, hicho ni kitu kidogo mno. Sasa itazame NodeMCU juu yake: pana regulata, yaani kile kinachoshusha volti, ya AMS1117, ile nyeusi ya miguu mitatu yenye bati pana upande wa pili, hio peke yake inakula kama miliampia 5 hata kama hakuna inachokilisha, halafu pana chipu ya USB, na bodi nyingi zina taa inayowaka muda wote. Chukulia vyote pamoja vimefika miliampia 10. Betri yako ya bandia tuseme ina 1200 za kweli. 1200 ugawe kwa 10 ni saa 120, yaani siku tano, na ndivyo ulivyoniandikia mwenyewe. Programu yako haina kosa, kosa liko kwenye bodi, na hili ndilo ninalotaka kila msomaji alishike: usiamini programu kuwa kidude kimelala, pima.

Na kupima kwenyewe kuna hila yake. Mita ya kupimia umeme unaiweka katikati ya njia ya umeme, yaani unakata waya wa chanya wa betri na mita inakuwa ndio daraja. Ukiiweka mita kwenye maikroampia toka mwanzo kidude hakitowaka, kwa sababu ndani ya mita mna rezista, na waifai ikiamka inataka umeme mwingi kwa ghafla, volti zinaanguka, chipu inazima na kuwaka tena bila ya kufika popote, na ukiwa na bahati mbaya fyuzi ya mita inakatika. Fanya hivi, weka kipande cha waya kinachounganisha ncha mbili za mita ili umeme upite hapo kwanza, washa kidude, kiache kitume, kikishalala ndio uondoe kile kipande cha waya na usome namba. Kabla hakijaamka tena rudisha kile kipande. Ukisoma maikroampia 30 au 40 umefaulu, ukisoma miliampia hata moja hujafaulu, rudi kwenye bodi.

Kurekebisha kuna njia mbili. Moja unaachana na NodeMCU unanunua moduli ya ESP tupu, ile ndogo ya mraba yenye kifuniko cha bati, unaipa regulata ya HT7333 ambayo yenyewe inakula maikroampia chache sana. Ya pili mimi ndio naipenda zaidi kwa joto la kwetu, tumia betri ya LiFePO4 ambayo volti zake ni 3.2, inafaa moduli moja kwa moja bila ya regulata yoyote, na inastahamili jua kuliko lithiamu ya kawaida. Ila chaja yake ni nyengine, usiitie kwenye chaja ya 18650 ya kawaida inayokwenda mpaka 4.2, utaiharibu. Njia yoyote utakayoichukua tia kapasita ya maikrofaradi 470 karibu kabisa na miguu ya umeme ya moduli, mana waifai inaponyanyuka inavuta miliampia mia tatu na zaidi kwa kitambo kidogo sana na betri peke yake inachelewa kutoa. Na usisahau waya mfupi toka mguu wa D0, ile GPIO16, kwenda mguu wa RST, bila ya huo chipu ikilala haiamki.

Halafu punguza kuamka. Kila robo saa ni mara 96 kwa siku, ikiwa kila mara inakaa macho sekunde tano kwa wastani wa miliampia 80 hio ni karibu miliampia-saa 11 kwa siku, ukibadilisha ikawa kila saa moja inashuka haifiki 3. Ongeza usingizini hata 1 kwa siku, jumla 4, betri ya kweli ya 2500 kwa karatasi ni zaidi ya mwaka na nusu. Mimi hesabu ya karatasi huikata nusu, joto na uzee wa betri navyo vinakula, bado utabaki na miezi mingi. Ikiwa unataka kuona joto linavyopanda wakati wa bamvua maji yakitoka na jua liko juu, weka nusu saa kwa siku hizo tu, programu inaweza.

Sasa kwa nini hakitumi ukikipeleka shambani. Waifai ya nyumbani haikuumbwa kwenda mamia ya mita mpaka kwenye mwani, na tena kama umekitia kidude chenyewe majini basi hapo hata ruta ingekuwa jirani haisikii kitu, maji ya chumvi yanazima mawimbi ya redio ndani ya sentimita chache. Sensa ndio iende chini kwa waya wake, kidude na antena vikae juu ya mti mrefu uliokomelewa mchangani, juu kupita maji ya bamvua kubwa yanapojaa, na bahari yetu inapanda na kushuka mita nne hivi kwa siku hizo kwa hio usikadirie kwa maji mafu. Kwa masafa hayo achana na waifai tumia moduli ya LoRa, redio ndogo ya kutuma ujumbe mfupi masafa marefu, mfano RFM95, shambani uweke moja na nyumbani moja, ya nyumbani ndio iunganishwe na waifai. LoRa ikilala haili chochote cha kuhesabu, ikituma ujumbe mfupi kwa mpangilio wa haraka inamaliza chini ya sekunde moja, na ukiinyanyua antena ya nyumbani juu ya paa au kwenye mnazi ikaiona bahari waziwazi kilomita kadhaa si kitu. Chini karibu na maji mawimbi yanakatika kwa hio urefu wa antena ndio kila kitu.

La mwisho kwako, DS18B20 za bandia zimejaa. Kabla hujaipeleka baharini ponda barafu, ijaze kikombe, tia maji kidogo yajaze nafasi baina ya vipande, zamisha kichwa cha chuma katikati bila ya kugusa chini, koroga, subiri. Isome 0, ikizidi au ikipungua nusu digrii bado ni ya kweli, ikisoma 2 au 3 usimpe mama namba za uongo. Na rezista ya kilo-om 4.7 baina ya waya wa data na wa chanya lazima iwepo, bila ya hio utasoma 85 au -127 ukadhani bahari inachemka. Pale waya unapoingilia kwenye chuma ndipo maji yanapopitia, uvishe mpira ule wenye gundi ndani unaobana kwa moto, uvishe tena mwengine juu yake.

Fundi salaam. Sisi vijana wa Mkokotoni tumefunga kidude cha kupima joto na unyevu wa hewa karibu na gati, kinafanya kazi vizuri kabisa, kisha baada ya mwezi kimenyamaza. Tulipofungua sanduku tumekuta bodi imeota kijani, springi za betri zimeliwa, na ndani mna matone ya maji. Tuliziba kila tundu kwa silikoni tena nyingi. Maji yamepita wapi?

Wanangu, hili linanigusa kwa sababu naliona kila mara na vijana wengi hapa ndipo wanapokata tamaa, wanadhani elektroniki hazifai kisiwani. Zinafaa, ila zinataka kujengwa kwa hewa ya kisiwani.

Sanduku linavuta pumzi. Mchana jua linalipiga hewa ya ndani inatanuka inatoka kidogo kidogo, ikija mvua au usiku ukiingia sanduku linapoa ghafla, hewa inasinyaa, na sanduku linavuta ndani chochote kilicho karibu na mwanya hata kama ni mdogo kama unywele, ikiwa ni maji yamesimama pembeni ya kifuniko basi yanaingia maji. Kwa hio kuziba sana bila ya kupumua ni kujitengenezea pampu. Liachieni tundu dogo chini kabisa, linaloangalia ardhi, limefunikwa na kitambaa cha wavu kuzuia wadudu, au mukipata kile kifuniko maalumu cha kupitisha hewa na kuzuia maji ni bora zaidi. Waya zote ziingie kwa chini, na kila waya uteremke kwanza chini ya sanduku kisha ndio upande kuingia, matone yadondoke pale kwenye mkunjo yasifuate waya mpaka ndani.

Silikoni mliyotumia ilikuwa inanuka siki? Kama ilikuwa inanuka siki hio ndio nusu ya kijani chenu. Silikoni ya vioo na mabafu nyingi hutoa asidi inapokauka, na asidi hio mkaifungia pamoja na shaba ndani ya sanduku. Iko silikoni nyengine isiyonuka siki, muulizeni muuzaji ile ya kati isiyo na asidi, hio haigombani na shaba.

Bodi yenyewe tazameni vizuri kijani kilipo. Mara nyingi mtaona njia ya chanya ndio imeliwa mpaka imekatika na ile ya hasi imesalimika, mana chumvi ikipata unyevu inapitisha umeme baina ya njia mbili zilizokaribiana na ile ya chanya inayeyuka taratibu. Kwa hio kazi ni kuzuia chumvi na maji visikutane na shaba. Mukimaliza kulehemu ile flaksi ya rangi ya asali iliyobaki isiachwe, inavuta unyevu, isugueni kwa mswaki na alkoholi ya kusafishia, tena mara mbili, muache bodi ikauke kabisa, halafu pakeni vanishi ya bodi pande zote koti mbili. Mafundi wengine wanapaka rangi ya kucha, inasaidia kwa kitambo ila inapasuka kwenye jua, kwa kitu cha kukaa nje tafuteni vanishi yenyewe. Wakati wa kupaka zibeni kwa tepu soketi, mahali pa kuchomekea antena, na lile tundu dogo la sensa ya unyevu, mukilipaka hilo sensa imekufa.

Springi za betri ndizo zinazokufa mwanzo kuliko kitu chochote. Betri zenye masikio ya bati yaliyokwisha bandikwa kiwandani zinaondoa springi kabisa, unalehemu kwenye sikio basi. Msilehemu moja kwa moja kwenye mwili wa betri ya lithiamu, joto la pasi linaweza kuitoboa ndani na ikashika moto, hili sisemi kwa kutisha, hutokea.

Na sanduku liwe jeupe si jeusi, mutie vile vifuko vya chembechembe za kukausha vinavyokuja na viatu, ila mjue vikishajaa unyevu havina kazi mpaka vikaushwe tena kwa moto mdogo.

Waungwana, mimi nina ghala dogo la karafuu Wete. Mtoto wa ndugu yangu kanifungia sensa ya DHT22 na kibodi cha Pro Mini kwa betri mbili ndogo za redio, nilitaka nijue unyevu ghalani mana karafuu ikipata ukungu hasara ni yangu. Mwanzo ilikuwa inasema vizuri, siku hizi inasema 99 usiku na mchana, na mara nyengine haisemi kitu. Sensa imekufa au karafuu zangu zinaoza?

Mzee wangu, karafuu zako usizitie wasiwasi kwa ajili ya namba hio, nenda zishike kwa mkono na uzivunje kama ulivyozoea, iliyokauka inavunjika kwa sauti, mkono wako unaijua karafuu kuliko sensa yoyote. Tena hata sensa nzima inapima unyevu wa hewa haipimi unyevu wa ndani ya karafuu, huo ni mwengine. Faida yake ni kukwambia usiku gani hewa ya ghala imekuwa mbichi ili ufungue madirisha kukipambazuka, au usubiri.

Mwambie kijana mambo mawili. Kwanza DHT22 inataka volti 3.3 na kwenda juu, na betri mbili zikiwa mpya kabisa ni 3 na kidogo, zikitumika wiki chache zimeshuka chini ya hapo, ndio mana mara inanyamaza. Pili sensa za namna hio zikikaa muda mrefu kwenye unyevu mkubwa zinapotea, zinaganda juu hazirudi, na Pemba unyevu mkubwa sio jambo la siku moja. Akuwekee sensa ya SHT31, inakubali volti ndogo hata betri zikichoka, na aitoe nje ya sanduku ikae kwa waya mfupi kwenye hewa, isikae juu ya bodi inayopata joto.

Na ipo njia ya kuipima ambayo haina gharama. Chukua mkebe wenye kifuniko kinachobana, kizibo cha chupa ukijaze chumvi ya kupikia, itie maji matone mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Kizibo kiingie mkebeni pamoja na sensa bila ya kugusana, funga, acha kivulini usiku mzima. Hewa ya juu ya chumvi mbichi inakaa 75 kwa mia, kwa joto letu hili haibadiliki sana. Sensa ikisoma 73 au 78 iamini, ikisoma 99 itupe. Pro Mini yenyewe ni nzuri, aing'oe taa nyekundu na regulata tu, hapo betri mbili zitakaa zaidi ya mwaka.

Kaka fundi, mimi ni dada wa Fuoni. Maji ya bomba yanakuja usiku wa manane na sijui saa ngapi tangi linajaa. Nimeona watu wanatumia sensa ya sauti inayopima kina cha maji toka juu. Sijawahi kushika pasi ya kulehemu, naweza kuanza na hio?

Dada yangu unaweza kuanza, ila sio na hio. Sensa ya sauti inataka umeme mwingi kwa kidude cha betri, ile ya bei rahisi HC-SR04 inataka volti 5 na mvuke wa tangi unaiua, na ile isiyoingia maji haisomi kitu kilicho karibu yake chini ya sentimita 20 hivi, sasa tangi lako likikaribia kujaa, pale unapotaka kujua, ndipo inapopoteza. Nunua swichi ya floti, kile kiboya kidogo cha plastiki chenye sumaku ndani, maji yakipanda kiboya kinapanda na swichi inagusana. Kikiwa kimekaa hakili umeme hata kidogo, kina waya mbili tu, na waya mbili ndio mahali pazuri pa kujifunzia kulehemu. Kifunge upande ambao tangi likijaa ndio mzunguko unafungika, kidude kinalala siku nzima na kinaamshwa na floti yenyewe, kinatuma ujumbe mmoja kinarudi kulala.

Kulehemu kwenyewe, pasha moto waya na mguu wa bodi kwa pamoja, kisha ndio uguse risasi, ule waya laini wa kulehemea, pale penye moto, usiyeyushe risasi kwenye pasi ukaipaka juu, hio inakaa juu tu haijashika. Ikishika vizuri inang'aa na inateremka pembeni imelala, ikiwa imefanya duara kama tone ujue haikushika, ipashe tena. Fungua dirisha, na osha mikono kabla ya kula, risasi nyingi za mitaani zina madini ya risasi kweli.

Fundi, mimi mwanafunzi Tunguu. Tumeagiza moduli za LoRa, zimekuja mbili za 433 na mbili za 868, hazisikilizani. Pia moja tuliiwasha kabla ya kufunga antena, ina madhara?

Namba hizo ni megahezi, yaani masafa ya mawimbi, na za 433 na 868 hazitosikilizana milele, hata mkibadilisha programu, saketi ya ndani imepangwa kwa masafa yake. Zitumieni jozi kwa jozi, na katika jozi hakikisheni masafa, upana wa mkondo na ile spredingi fakta, mpangilio wa kutuma haraka au pole pole, ni sawa sawa pande zote, kimoja kikitofautiana ni kimya.

Kuwasha si tatizo, tatizo ni kutuma. Ikituma bila ya antena nguvu yote inarudi ndani kwenye chipu na inaweza kuichoma, pengine isife ila ikawa haifiki mbali, ijaribuni kwa kulinganisha na mwenzake mahali pamoja. Antena si lazima inunuliwe, waya mmoja mgumu ulionyooka unatosha, robo ya wimbi, 868 ni sentimita 8.6 na 433 ni 17.3, kateni ndefu kidogo kisha mupunguze kidogo kidogo huku mkitazama nguvu ya mapokezi. Usimame wima pande zote mbili, mmoja ukisimama na mwengine ukilala mnapoteza bure. Na mtahadhari miguu ya RFM95 imekaribiana milimita 2, haiingii kwenye ubao wa kawaida wa majaribio wa 2.54, tafuteni kibodi cha kubadilisha au mulehemu waya nyembamba. Masafa na nguvu ya kutumia ni mambo ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana ofisi hapa Zanzibar, waulizeni kabla ya kufunga mradi wa kudumu, kwa mradi wa skuli hilo ni swali zuri la kwenda nalo.

Salaam fundi, Chake Chake hapa. Nataka nisibadilishe betri tena, niweke kisola kidogo na kile kichaja cha TP4056, vyote ndani ya sanduku moja juu ya bati. Inafaa?

Kisola kinafaa, sanduku moja juu ya bati halifai. Betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa na joto la kupita digrii 45, na juu ya bati saa sita mchana wakati wa kaskazi sanduku linapita hapo kirahisi, TP4056 ya kawaida haijui joto la betri isipokuwa umeiunganishia kipimo chake na wengi hawaunganishi. Betri itavimba, na iliyovimba usiitoboe wala usiichome na taka, itoe nje iweke mbali na nyumba. Kisola kiache juu ya bati, betri na bodi viteremshe chini ya kipaa penye kivuli na upepo, waya wa mita mbili haupotezi kitu kwa umeme mdogo kama huo. Nunua ile TP4056 yenye ulinzi, yenye matundu mawili ya betri na mawili ya kutokea umeme, na kidude ukiunganishe kwenye yale ya kutokea, sio moja kwa moja kwenye betri, hapo siku za mvua betri ikishuka sana inakatwa yenyewe kabla haijaharibika.